Risala ya Akina Mama kwa Mheshimiwa Diwani Aliporejea Kazini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu, Mtendaji wa Kata, wenyeviti wa vijiji, mashehe na wachungaji, mganga wa zahanati, walimu, wazee wetu na akina mama wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekurudisha Lushoto ukiwa unatembea kwa miguu yako. Usiku ule ulipougua ghafla ukateremshwa kwenda Mombo mvua ilikuwa inanyesha, na kila mtu hapa anajua mawe yanavyoporomoka barabara ya Soni wakati wa masika. Wengi wetu hatukulala. Msikitini zilisomwa dua, kanisani wakakuombea, na habari za hospitali ya Bombo kule Tanga na baadaye za Muhimbili tukawa tunazipata kwa mama yetu, mkeo, ambaye tunaomba asimame watu wamwone. Mama, pole sana kwa kuuguza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliporudi ulituambia hadharani kwamba ni presha iliyokuletea kiharusi, na kwamba dawa ulikuwa umeziacha kwa kuwa ulijiona mzima. Viongozi wengi maradhi yao huyaficha, watu wakabaki kusema karogwa. Wewe ulisema, na wiki ile ile foleni ya kupima presha pale zahanati ilifika hadi nje ya uzio. Mjumbe mmoja wa kikundi chetu cha akina mama wa mboga, mama ambaye hajawahi kulalamika hata kichwa, alikutwa nayo juu mno. Leo anatumia dawa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kama wanalo. Sisi tumewaona kwa macho yetu, ni shangazi zetu na waume zetu. Kwa hilo peke yake, ugonjwa wako umeokoa watu.

Kata haikulala ulipokuwa kitandani. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kujenga darasa uliendelea kila Jumamosi. Akina mama tulisomba mchanga na maji, vijana wakapanga mawe ya msingi, na renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, imeshafungwa. Kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata kilifanyika, mjumbe mwenzenu akashika kiti. Sisi wenyewe tuliendelea kurejesha mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, lakini kabichi ziliposhuka bei sokoni ilibidi tujibane kweli kweli. Hatujachelewesha rejesho hata moja, na tunajua ulivyotupigania hadi fomu zetu zikapita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuliloliweka moyoni ni hili. Kazi ya diwani haina mshahara, ni posho, na haina saa. Alfajiri mlangoni kwako yupo mzazi mwenye barua ya shule, nyuma yake wawili wanaogombea mpaka wa shamba, na kwenye simu kuna mtu anaomba gari la kubebea maiti. Mchana una kikao halmashauri, jioni una msiba, na chakula chako ni chai ya kwenye misiba. Tulikuchagua utuongoze kwa miaka mitano. Hatukukuchagua ufe kwa ajili yetu.

Kwa hiyo akina mama tumekubaliana, na wenyeviti wa vijiji wametuunga mkono: migogoro ya mipaka na ya ndoa ianzie kwa balozi wa nyumba kumi na serikali ya kijiji kabla ya kufika kwako. Baada ya saa 2 usiku simu yako ipumzike, labda kuwe na mgonjwa wa dharura au moto. Na msiba usiouweza, usiende. Sisi tutakwenda, tutasema Diwani ametutuma, na hakuna atakayenung'unika mbele yetu.

Nasi tuna maombi. Kipimo cha presha kilichopo zahanati ni kimoja, na siku kinapoharibika watu hurudi nyumbani bila kupimwa. Tunakuomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, pamoja na upatikanaji wa dawa za presha, maana mgonjwa akikosa dawa mwezi mmoja huona ni sawa kuziacha kabisa. La pili ni kalavati la njia ya kutokea mashambani. Masika hii magunia ya karoti yalivushwa kichwani, akina mama wakiwa ndani ya maji hadi magotini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zawadi yetu leo si kuku wala shuka. Katika faida ya mboga tumenunua vipimo viwili vya presha. Kimoja ni chako, kikae nyumbani, na mama ameshaelekezwa na mganga namna ya kukitumia. Cha pili kitakaa kwa mweka hazina wetu, na kila siku ya kikao cha kikundi mwanakijiji yeyote anakaribishwa kupima bure. Tunakuomba ukubali mganga akupime wa kwanza, sasa hivi, hapa mbele ya wananchi wako.

Tunaomba kuwasilisha.