Sio kila mpira wa kukandamiza

Oya mwanangu, mambo? Meseji yako nimeiona, eti wale wazee wanakufunga kila wikiendi kwenye pikoboli, ule mchezo wa raketi na kimpira cha plastiki chenye matobo, na wewe ndo una mkono mkali kuliko wote pale uwanjani. Sasa tatizo si ndo hilo hilo bana.

Mpira ukiwa chini ya neti huwezi kuugonga kwa nguvu bila kuupandisha, na ukiupandisha mzee yupo pale mbele anausubiri kifuani, anakurudishia miguuni, imeisha. Mpira wa chini legeza mkono, raketi usiikabe, dondosha tu jikoni, zile mita mbili na kidogo mbele ya neti ambazo mtu akizikanyaga haruhusiwi kuupiga hewani. Itabidi asubiri udunde, na sasa yeye ndo anapiga kutokea chini. Hapo hujapaki basi, unavizia.

Pigo la tatu ndo linawatoa wengi. Ukisevu lazima udunde kwao, wakirudisha lazima udunde kwenu, kwa hiyo wao washafika kwenye neti nyie bado mko nyuma kule, halafu mtu anakandamiza, anamkandamizia nani sasa? Dondosha jikoni msogee nao mbele taratibu.

Mpira ukija juu ya neti hapo usiuonee huruma. Ila usivute mkono mpaka mgongoni, nyie na wao mkiwa wote mbele mnaachana mita nne na kitu tu, ukirudi utakukuta bado unajipanga. Mlenge kwapani, mkono ule wenye raketi, atajikunja hajui apige upande gani. Au pitisha katikati yao wawili waanze kuangaliana, hiyo mi naipenda zaidi 😂

Huku Dodoma tumejibanza kwenye uwanja wa badmintoni, vipimo ni vilevile, tumeshusha neti tu mpaka sentimita 86 katikati. Shida ni upepo, si unaujua wa mwezi wa nane, na kimpira chenyewe gramu 25 hivi halafu matobo matupu. Ukiupata mgongoni kila unachokandamiza kinatoka nje, upande huo tunalinda tu, tukibadilishana pande ukawa unatupiga usoni ndo tunafunguka. Lobu, ile ya kuupandisha juu uwapite kichwani, nimeshawaambia watu wasahau.

Ukija na treni ya SGR tucheze jioni, mchana sementi inaunguza. Raketi ya ziada ipo, we beba raba tu.