Asilimia 3 haijazwi na sentensi ya mwisho ya tangazo

Mhariri,

Matangazo ya kazi ya kampuni nyingi kubwa nchini Tanzania huhitimishwa kwa maneno yaleyale: watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba. Maneno ni mazuri, ila mistari iliyo juu yake imekwisha kuwaengua.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kampuni ya watu 600 inadaiwa 18. Ukiuliza kwa nini hawafiki, utaambiwa waombaji hawajitokezi. Mara nyingi jibu hilo halina hesabu nyuma yake. Hesabu zinazohitajika ni tano tu: walioomba, walioitwa, waliofika kwenye usaili, walioajiriwa na waliothibitishwa kazini. Ziwekwe kwenye karatasi moja, na itaonekana wanapopotelea.

Wengi hupotelea kwenye sifa za mwombaji. Leseni ya udereva inadaiwa kwa mhasibu atakayeshinda mezani, na "afya njema ya mwili" inanakiliwa kutoka tangazo la mwaka juzi bila mtu kuuliza inahusu nini. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakubali mwombaji aachwe kwa sharti ambalo bila hilo kazi yenyewe haifanyiki. Basi kila sifa ipimwe hivi: ikiondolewa, jukumu gani litakwama? Kama hakuna, ifutwe. Wakuu wanaoogopa kuitwa wapendeleaji wakisome kifungu hicho hadi mwisho, maana kinatamka kwamba hatua za makusudi za kuleta usawa si ubaguzi.

Kisha kuna fomu. Ikiwa ni karatasi iliyopigwa picha kwa skana, programu ya kusoma skrini anayoitumia asiyeona haipati herufi hata moja. Iwekwe kama maandishi ya kawaida. Mwito wa usaili nao hutolewa kwa simu ya sauti. Kiziwi hapokei, na kwenye jedwali anaandikwa "hakupatikana". Ujumbe mfupi wa maandishi unamaliza tatizo hilo kwa gharama ya shilingi chache.

Mwito huo uulize pia mwombaji anahitaji nini siku ya usaili, na uulize mapema, kwani mkalimani wa lugha ya alama hapatikani asubuhi ya siku yenyewe. Akifika, akae kando ya anayeuliza ili mwombaji awaone wote wawili kwa pamoja. Jopo lizungumze na mwombaji, si na mkalimani. Gharama yake iwe na fungu katika bajeti ya utumishi. Hakuna idara inayonunua hata karatasi bila fungu, lakini mkalimani anatarajiwa kupatikana kwa huruma.

Kuhusu jengo, vipimo vinajulikana. Njia ya mteremko inahitaji urefu mara 12 ya kimo, hivyo ngazi 3 za sentimita 15 zinadai mita 5.4. Ubao mfupi unaoegeshwa siku ya ukaguzi ni hatari kwa anayesukuma kiti mwenyewe. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 90 hivi, na chooni pabaki mduara wa mita 1.5 wa kugeuzia kiti. Pasipo na lifti, usaili ufanyike chini.

Baada ya kuajiriwa ndipo umakini unapolegea kabisa. Mfanyakazi mwenye ualbino anapangiwa kukagua bohari la wazi saa sita mchana, wakati kubadilisha zamu na kukuza maandishi ya kompyuta kungetosha. Muda wa majaribio unahesabiwa tangu siku ya kwanza ilhali programu ya asiyeona inawekwa kwenye kompyuta yake mwezi wa tatu wa kazi, halafu anapimwa kwa kasi ya wenzake. Vifaa viwepo kabla ya kuripoti.

Upo pia ujanja wa kujaza idadi kwa nafasi za mapokezi na simu, kisha watu wakaachwa hapo miaka yote. Asilimia inatimia huku kwenye ngazi za maofisa na mameneja hayupo hata mmoja. Sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Tunashauri mpango huo uonyeshe idadi kwa kila daraja la mshahara, waliopandishwa cheo katika mwaka, fedha zilizotengwa na cheo cha anayewajibika.

Wadau wa masuala ya ajira,
Dar es Salaam