Injini chini ya mbuyu

Ruaha Mbuyuni,
Jumapili jioni.

Kwako Baba Shukuru,

Kamwene! Najua wewe mtu wa Morogoro huitikii vizuri, lakini itikia hivyo hivyo. Hamjambo hapo? Mguu wa mzee unaendeleaje? Sisi wazima, ni joto tu, na joto la huku unalijua. Kimya changu usikihesabie kiburi. Baada ya ule msiba wa Mikumi nilisema nitakupigia, halafu simu ikatumbukia kwenye mfereji wa vitunguu na namba zote zikaenda na maji. Barua hii anakuletea yule yule kondakta mwenye kofia. Mpe hata soda.

Nisikuzungushe. Nimenunua injini.

Usicheke kwanza, soma. Nilikwenda Iringa kununua bati 30 za lile banda la mbele. Nikiwa pale mjini nikakutana na Kipara, unamjua alivyo, akanishika mkono kabla hata ya salamu: kuna nyumba ya wageni inauza jenereta kwa bei ya kutupa, umeme sasa haukatiki sana, jenereta limekaa tu stoo. Nikasema nitaangalia tu. Nimerudi nyumbani na bati 18 na injini ya laki nne na nusu. Mama Zawadi alipoona gari limesimama hakusema kitu. Alianza kuhesabu bati kwa kidole, moja moja, mpaka 18, kisha akaanza tena upya, nadhani kunipa nafasi ya kuungama.

Ni ile S195 ya Kichina, silinda moja imelala, ile yenye tanki la maji juu linalochemka kama sufuria. Nguvu hospawa 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Wewe umezifungua nyingi kuliko mimi nilivyofungua madaftari. Jenereta lenyewe lilikuwa linazungushwa kwa mikanda mitatu, kwa hiyo puli ya injini ipo na ni nzima. Muuzaji alisema altaneta, ile sehemu inayotoa umeme, “imeungua kidogo”. Nimefungua mfuniko hapa nyumbani: hakuna hata uzi mmoja wa kopa. Ndani ni meno matupu, safi kama kitana kipya. Aliyeitoa ile kopa alikuwa na muda na alikuwa na utulivu.

Lakini kosa langu halikuwa altaneta, nilijua nanunua injini. Kosa langu ni kwamba nilipofika pale injini ilikuwa inanguruma tayari. Wakaizima mbele yangu, wakazungusha hendeli mara moja, ikawaka. Mimi nikafurahi. Maji kwenye tanki yalikuwa yanafuka mvuke, nimeyaona kwa macho yangu, na akili haikuniambia kwamba mashine iliyopashwa moto asubuhi nzima hata ikiwa imechoka itawaka. Ungekuwepo ungeniambia ipoe kwanza. Haukuwepo. Kipara ndiye aliyekuwepo.

Kesho yake asubuhi, chini ya mbuyu, nikazungusha. Nikazungusha. Shemeji akazungusha. Vijana wa bodaboda wakaja kuangalia, nao wakazungusha, malengelenge kila kiganja. Sasa fikiri, kwa joto hili ikigoma, baridi ya Iringa ingeiwasha nani? Ndipo nikakumbuka ulichomfanyia marehemu Mzee Tingo kwenye mashine yake ya kukoboa: nikachukua kijiko cha chai, nikadondosha oili kidogo kwenye njia ya hewa, nikazungusha tena. Pa! Ikawaka kwa kishindo, moshi wa bluu ukafunika mbuyu wote, kuku wakakimbilia ng'ambo ya barabara. Kijiko kimoja tu, usinigombeze, najua ukimwaga kikombe itakimbia kwa kunywa oili hiyo hiyo na kufunga dizeli hakutasaidia kitu. Kwa hiyo nadhani jibu tunalo: ringi za pistoni zimeisha, na pengine laina ya silinda. Ikishapata moto inafanya kazi vizuri, mlio haugongi, lakini kwenye bomba la pumzi panatoka moshi kama mdomo wa birika. Oili inakula. Nozeli sijaigusa.

Hilo la kuiponya halinisumbui, spea zake naamini hapo Morogoro zipo kila duka. Linalonisumbua ni nifanye nayo nini. Na hapa ndipo kila mtu amekuwa profesa.

Mwenyekiti wa kitongoji anasema mashine ya kusaga. Kila mtu mzee anasema mashine ya kusaga, kwa sababu ujanani kwao mtu mwenye injini alikuwa mtu mwenye mashine ya kusaga, na watu walimwamkia toka mbali. Nikakaa nikapiga hesabu. Injini hii ukiikaza inakunywa kama lita mbili na nusu za dizeli kwa saa. Weka lita moja shilingi 3,000 kwa hesabu rahisi, ni 7,500 kwa saa. Jamaa wa pale stendi ana mota ya umeme ya fezi tatu. Kazi ile ile itamla uniti kumi hivi, kama nusu ya hela hiyo, na hazungushi hendeli, anabonyeza kitufe cha kijani. Mimi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nitakuwa nimeshika redio kusikia EWURA, wale wapanga bei ya mafuta, wametangaza bei gani, kama mzazi anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Hapana. Mashine ya kusaga ya dizeli mahali penye nguzo ya umeme ni kujinyonga taratibu.

Shemeji anataka tuipeleke bwawani Mtera tuifunge kwenye boti. Shemeji hajui kuogelea. Tuliishia hapo.

Mimi mwenyewe, nikikwambia ukweli, niliinunua nikiwaza pampu. Vitunguu, ndugu yangu. Unakumbuka ekari zangu mbili zile za ukingoni, na unakumbuka jinsi navyokodi kipampu cha petroli cha jirani, ambaye siku akikasirika kinaharibika. Nikasema sasa na mimi nitakuwa na maji yangu. Nikachora, nikapima, puli ya injini nimeizungushia uzi, kipenyo sentimita 20. Pampu ya mzunguko 1,450 inataka puli ya kama sentimita 27 na nusu. Nikafurahi sana na ile sehemu ya nusu, nikajiona injinia.

Halafu hesabu nyingine ikaniharibia. Vitunguu kwa jua hili vinataka kama lita 20,000 kwa ekari kwa siku, kwa hiyo ekari mbili ni 40,000. Pampu ikitoa lita kumi kwa sekunde, saa moja na dakika chache nimemaliza. Na kupandisha maji kiasi hicho mita 15 pamoja na ukinzani wa bomba ni kazi ya hospawa tatu na kitu. Tatu! Mashine ya 12 ikafanye kazi ya tatu, itoe moshi na kujaza masizi kwenye nozeli kwa sababu haina mzigo, ni kama kumpeleka ng'ombe wa kulimia akavute kijigari cha mtoto.

Na si hilo tu. Pampu haivuti maji ya kina zaidi ya mita saba hivi, kwa hiyo lazima ikae chini, karibu na mto. Na huu mto Ruaha wewe unaujua, si mto, ni bomba la watu wa umeme. Mtera wakifungulia maji usiku, asubuhi ukingo wote umeliwa. Injini ina kilo 145 bila puli. Tutaibeba watu wanne kuishusha, watu wanne kuipandisha, na siku moja hao wanne watakuwa kwenye sherehe. Naona kinachonichekesha ni hiki: maji yale yale yametoa umeme Mtera, yanapita shambani kwangu yakienda kutoa umeme tena Kidatu, na mimi niliye katikati nanunua dizeli ili niyanyanyue mita 15.

(Kibali cha kutumia maji ninacho, kwa hiyo usianze na hilo. Bodi ya Maji ya Bonde walishapita.)

Nikahamia kwenye kupukuchua mahindi. Hapo hesabu inakubali: mashine ya kupukuchua inaimeza injini yote, unalipwa kwa gunia, na umeme haumfuati mkulima shambani. Hapo ndipo nguzo inaposhindwa na dizeli inapopumua. Lakini rudi kule kule, kilo 145. Nitaizungushaje mashamba ya watu? Kukodi gari ni kumpa mwenye gari faida yote. Nikafikiri mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe sina.

Nilikwama hapo kama wiki mbili. Injini chini ya mbuyu, nimeifunika turubai, kuku anaatamia juu ya tanki. Mama Zawadi kila akipita anauliza, kwa upole ule wa kuumiza, chuma chakavu siku hizi kilo ni shilingi ngapi.

Sasa sikia. Siku ya Jumanne Mama Zawadi alitumwa na kikundi chao cha kuweka na kukopa kwenda kudai marejesho kule Malolo. Akarudi jioni, akala, akanawa, ndipo akasema: “Kuna mjomba wako mmoja na yeye ana ujinga kama wako, ila wake una magurudumu hauna injini.” Nikaacha tonge. Ni pawatila, ndugu yangu, katrekta kale ka magurudumu mawili unakokashika kwa mikono. Zile za enzi za kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza. Kikundi kiligawana, mmoja akachukua injini akaiuza, mwingine akabaki na chesisi, giaboksi na magurudumu mawili, imekaa kwenye migomba miaka mingi.

Usiku sikulala. Asubuhi nikachukua fito, nikaiweka juu ya miguu ya injini yangu, nikatoboa alama nne za matundu ya bolti kwa msumari uliopashwa moto, nikapanda bodaboda na ile fito mkononi kama mchungaji. Nimefika, nimeondoa majani, nimelaza fito kwenye chesisi. Matundu manne, sawasawa. Nilikaa chini palepale kwenye migomba. Ni Kichina mwenzake, ile ile familia, iliumbwa kubeba injini ya aina hii.

Ukiiona sasa nilivyoiona mimi: inatembea yenyewe. Inashuka mtoni inapampu saa moja, inapanda yenyewe kabla Mtera hawajafungulia. Mwezi wa mahindi inavuta tela lenye mashine ya kupukuchua, nyumba kwa nyumba. Inalima. Inabeba vitunguu mpaka barabarani kwa wanunuzi. Ile taabu yangu yote ya “pampu au mahindi” ilikuwa ni kwa sababu nilikuwa nafikiria injini ikae mahali.

Ila sasa kuna mambo, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kulala. Mwenye chesisi anataka laki sita. Giaboksi nimeigeuza kwa mkono, gia zinaingia mbili, ya tatu inakataa, na kwenye kizibo cha chini oili ilitoka na maji, rangi ya chai ya maziwa. Klachi imeganda kabisa. Tairi moja ina kichuguu ndani, sikutanii. Na hela ninayo nusu. Nusu nyingine inabidi nimkope Mama Zawadi kupitia kikundi chake, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ndoa hii na sijui linaanzwaje. Ingawa naona kama analisubiri. Jana alimfukuza yule kuku juu ya tanki.

Kwa hiyo nijibu haya, na usinijibu kwa “tutaona”. Oili ya giaboksi ikiwa na maji hivyo, ni sili tu au beringi zimekwisha kuliwa na kutu? Klachi ya pawatila hiyo inapatikana hapo Morogoro, au nitaambiwa Dar? Pistoni, ringi na laina kwa seti ni kiasi gani sasa hivi, na nibadilishe vyote au ringi peke yake zitanivusha msimu mmoja? Gavana ya jenereta, ile inayoshika mwendo wa injini, iliyozoea mwendo mmoja itakubali kuongezwa na kupunguzwa kwa waya, au nitafute mkono mwingine? Laki sita ni bei au naibiwa kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja? Unaweza kuja hata siku mbili? Nauli nitakurudishia kwa vitunguu, gunia lijae. Na Shukuru amefaulu? Na ile kesi ya kiwanja na kaka yako iliishaje, maana pale msibani mlikuwa mmekaa mbali mbali, nikaona nisiulize.

Mwenye migomba nimemwambia nitampa jibu wiki ijayo siku ya gulio. Mrudishie kondakta majibu kabla ya hapo. Ukija mwenyewe njoo na hendeli, hii yangu vijana wa bodaboda wameipinda.

Ni mimi,
Baba Zawadi