Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Kaunti ya Mombasa: mwarubaini nao una kipimo

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima. Mwarubaini umejaa Mombasa hii, kuanzia nyuani Kisauni hadi kando ya barabara za Likoni. Matunda yakianguka, mbegu zinafagiliwa na kuchomwa pamoja na taka, ilhali mkulima wa mchicha aliye hatua ishirini kutoka mtini anakwenda dukani kununua dawa ya viwavi. Ombi letu ni moja: maafisa wa kilimo wa nyanjani waifundishe dawa ya wadudu itokanayo na mwarubaini kwa mizani na saa. Inavyosambazwa sasa kwa mdomo, "chemsha majani unyunyize", inamwangusha mkulima, naye anarudi kwenye sumu kali akiapa kwamba mwarubaini ni porojo.

Nguvu ya dawa ni kemikali iitwayo azadiraktini, na ghala lake ni kiini cha mbegu. Majani yanayo kidogo mno, na hicho kidogo joto la sufuria linakivunja.

Matunda yaokotwe yakiwa manjano, nyama iondolewe na kuoshwa siku hiyo hiyo, kisha mbegu zianikwe kivulini juu ya mkeka na kugeuzwa mpaka zikauke kabisa. Zitiwe kwenye gunia linalopitisha hewa. Mfuko wa plastiki kwa unyevu huu wetu wa Pwani ni balaa: mbegu hushika ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumu ya aflatoksini, ile ile inayotusumbua kwenye mahindi. Mbegu iliyoota ukungu haiokolewi kwa kuanikwa tena, itupwe.

Kwa pampu ya lita 20, ipimwe kilo 1 ya viini vilivyokwisha kutolewa ganda. Vitwangwe mpaka viwe chenga. Ukiona mafuta yanatoka, umepitiliza. Viloweke kwenye ndoo usiku kucha, kama saa 12, halafu vichujwe mara mbili kwa leso kuukuu, maana chenga moja tu inatosha kuziba tundu la pampu. Ongeza gramu 40 za sabuni ya kufulia iliyoyeyushwa, ndipo ujaze maji. Inyunyizwe siku hiyo hiyo, kwa sababu ikilala inachacha. Machicha yafukiwe shinani mwa mimea. Kinu kilichotumika kisirudi jikoni.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi hapa kwetu, na hili halisemwi vya kutosha. Visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yana chokaa. Sabuni ikiingia humo inagandamana kama maziwa yaliyokatika, na dawa haishiki jani. Zaidi ya hapo, maji yenye magadi huivunja azadiraktini yenyewe. Maji ya mvua ni bora. Asiyekuwa nayo akamulie ndimu kidogo kidogo huku akipima kwa karatasi ya kupimia asidi, akitafuta pH (kipimo cha asidi) ya 5 hadi 6. Karatasi hizo ni kitu kidogo, na tungependa kila afisa awe nazo mfukoni.

Dawa inyunyizwe kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa sababu jua huila ndani ya siku chache, na nyuki nao huwa wamerudi mzingani. Ilenge chini ya majani, waliko vidukari na nzi weupe wachanga, na irudiwe baada ya siku 5 hadi 7, au mapema mvua ikiiosha. Mkulima aambiwe ukweli kwamba mdudu haanguki papo hapo. Kiwavi kwanza huacha kula, kisha hushindwa kujivua ngozi, na kifo chake huchukua siku kadhaa. Anayekagua asubuhi ya pili na kuona viwavi wazima huongeza dozi bure. Dhidi ya mbawakawa waliokomaa, au funza aliyekwisha kuingia ndani ya embe, asitarajie mengi.

Sasa usalama. Neno "asilia" limewalaza watu. Mafuta ya mwarubaini yakinywewa na mtoto mchanga yanaweza kuleta kutapika, degedege na hata kifo; visa vya namna hiyo vimeandikwa na madaktari Malaysia na India. Kwa hiyo yasiwekwe kwenye chupa ya soda, na asipewe mtoto kama dawa ya kikohozi. Mjamzito asiyanywe. Anayenyunyiza avae glavu na akinge macho. Mboga zikae siku 3 kabla ya kuchumwa, kisha zioshwe vizuri. Uchungu peke yake utamfukuza mteja sokoni Kongowea. Azadiraktini ina madhara pia kwa viumbe vya majini, hivyo pampu isioshewe kwenye mitaro inayoelekea hori za Tudor au Mtwapa, wanakozaliana kamba na samaki wa wavuvi wetu.

Kuna pia chupa zinazouzwa bila jina la mtengenezaji, tarehe wala kipimo. Nyingine ni za mafuta ya kujipaka, na nyingine hakuna ajuaye kilichochanganywa ndani. Sheria inataka dawa yoyote ya wadudu inayouzwa Kenya iwe imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu, na mwarubaini haukusamehewa. Tunaomba wakaguzi wako wapite madukani pamoja na bodi hiyo. Anayejitengenezea kwa shamba lake asisumbuliwe, afundishwe.

La mwisho ni dogo kwa gharama: kibanda chenye paa na sakafu ya saruji katika kila wadi yenye miti mingi, pamoja na mizani na magunia, ili kina mama wanaofagia mbegu hizo wawe na pa kuzianika na kuziuza. Vingefaa kuwa tayari kabla matunda ya msimu ujao hayajaanza kuwa manjano.

Wako kwa heshima,
Wakulima wa mboga na wataalamu wa wadudu waharibifu, Mombasa