Risala kwa Mgeni Rasmi: Daraja la Eads, St. Louis

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa umoja wetu, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi hapa ukingoni mwa mto Mississippi. Wengi wetu tulitoka Kongo, tukapitia kambi za Kigoma, ndipo tukafika St. Louis. Daraja hili tunalivuka kwa treni ya MetroLink kwenda kazini na kurudi. Ila ukiwa ndani ya behewa matao yake huyaoni. Unaona vyuma tu vikipita dirishani. Ndiyo maana leo tumekuketisha huku chini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, daraja lilifunguliwa tarehe 4 Julai 1874. Mbunifu wake, James Eads, hakuwa amewahi kujenga daraja. Alikuwa mtu wa kuopoa meli zilizozama, na mchanga wa mto huu aliujua kwa kuukanyaga. Akashikilia kwamba nguzo zikae juu ya mwamba na matao yawe ya feleji, jambo ambalo wakati ule lilikuwa halijafanywa kwenye daraja kubwa kama hili. Tao la kati lina mita 158. Kabla ya ufunguzi alivushwa tembo, kwa kuwa watu waliamini mnyama huyo hakanyagi pasipo imara. Wazee wetu waliokua karibu na tembo wana maoni yao kuhusu hilo, tuyaache. Kipimo chenyewe kilikuwa vichwa vya treni 14.

Habari ya tembo husimuliwa sana. Ya wachimbaji haisikiki. Walishushwa ndani ya chumba cha chuma kisicho na sakafu, kilichojazwa hewa ya mgandamizo ili maji yasiingie, wakachimba mchanga hadi mwamba, karibu mita 28 chini ya maji. Humo mshumaa ukiupuliza huzimika, kisha huwaka tena wenyewe. Walipopanda juu upesi, viungo viliwakaza, wengine miguu ikafa ganzi. Sababu ni naitrojeni inayotoka kwenye damu kama mapovu, lakini wakati ule haikujulikana. Daktari wao, Jaminet, alipunguza saa za zamu, na yeye mwenyewe aliugua nusura afe. Wafanyakazi 15 walikufa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ni mhandisi, na ombi letu linakuhusu. Tunaomba Jumamosi moja uwavushe vijana wetu kwa miguu kwenye njia ya juu, uwaeleze nguzo hizo zilivyoshushwa. Pili, tunaomba utusaidie kuchapa kijitabu cha Kiswahili, maana bibi na babu zao hawasomi Kiingereza nao wanauliza. Kijitabu hicho kianze na wachimbaji. Tembo atafuata nyuma.

Tunaomba kuwasilisha.