Karani aulizwe kabla ya kuchagua kihariri cha tovuti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tovuti zinazotengenezwa kwa ajili ya vyama vya msingi vya ushirika, shule na zahanati huku kwetu Mtwara na Lindi. Anayekabidhiwa tovuti huelezwa rangi, nembo na gharama za mwaka, lakini haulizwi jambo litakalomgusa kila siku, nalo ni kihariri, yaani sehemu ya tovuti atakayoandikia na kupangia matangazo yake.

Katika WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo mafundi wengi huitumia, kihariri cha zamani ni ukurasa mmoja mweupe wenye safu ya vitufe juu yake, unaofanana na ule tunaoandikia barua kwenye kompyuta. Tarehe 6 Desemba 2018 lilitoka toleo la 5.0 likiwa na kihariri kipya kilichopewa jina la Gutenberg, yule Mjerumani wa mitambo ya uchapaji. Humo kila aya, picha, jedwali na kichwa kidogo ni bloku inayojitegemea, ambayo huweza kupandishwa, kushushwa au kufutwa bila kuigusa ya jirani. Anayependelea cha zamani hukirudisha kwa programu-jalizi (programu ndogo ya kuiongezea tovuti uwezo) iitwayo Classic Editor, na inaweza kupangwa ili kila mwandishi ajichagulie.

Nimekuwa karani wa chama cha msingi wilayani Newala, na kila baada ya mnada wa korosho nilipaswa kuweka kwenye tovuti jedwali la ghala, kilo, bei ya juu na bei ya chini. Kihariri cha zamani, kama kinavyokuja chenyewe, hakina kitufe cha jedwali, hivyo nililinakili kutoka katika waraka wangu na kulibandika pamoja na takataka zake zote za mpangilio. Kwenye kompyuta ya ofisini lilionekana vizuri. Kwenye simu ya mkulima safu ya mwisho ilikatika, naye akasoma bei ya juu bila kuiona ya chini. Kosa hilo liliniumiza sana, maana mtu hupanga ada ya mtoto kwa kuangalia tarakimu zile. Kwa kazi ya namna hii sina shaka kwamba kihariri cha bloku ni bora.

Hata hivyo, ubora huo hautoshi kuwa sababu ya kumlazimisha kila mtu. Siku moja fundi aliiondoa ile programu-jalizi bila kutuarifu, na matangazo yetu ya miaka iliyopita yakawa yanafunguka kila moja likiwa bloku moja kubwa. Nilibonyeza kitufe cha kuyageuza kuwa bloku nikitumaini kuyarahisisha, kumbe mpangilio niliouhangaikia kwa mkono ulivurugika. Mwenzangu wa makamo, aliyezoea kuandika moja kwa moja hadi mwisho, alikuta kila aya mpya inamzalia bloku yenye vitufe vyake, akaacha kabisa kuandika. Kwa ofisi ambayo hutoa taarifa fupi za maneno matupu, tena kwa kompyuta ya zamani na mtandao dhaifu, kihariri cha zamani kingali kinafaa na hakuna aibu kukitumia.

Lisilofaa ni kurukaruka kati ya vihariri hivi viwili. Kihariri cha bloku huzungushia kila kipande alama ambazo msomaji hazioni. Ukurasa huohuo ukihaririwa leo huku na kesho kule, alama hizo huweza kuharibika, na bloku ikakataa kufunguka kama ilivyokuwa. Vilevile bloku za mapambo zinazoletwa na programu-jalizi nyingine huweza kupoteza umbo lake siku programu hiyo ikiondolewa, jambo ambalo mafundi hawalitaji wanapotuonyesha kurasa za kupendeza.

Nawaomba viongozi wa vyama vyetu kwamba kabla ya kusaini mkataba wa tovuti kwa ajili ya msimu ujao, wampe karani tangazo la mnada la mwaka jana aliandike katika vihariri vyote viwili, fundi akiwa ameketi pembeni yake, kisha walisome kwenye simu ndogo kama aliyonayo mkulima.

Wako katika ujenzi wa ushirika,
Karani mstaafu,
Newala, Mtwara.