Barua kwa Kazungu: mbao sita za Botticelli

Firenze, Jumapili jioni

Msenangu Kazungu,

Salamu. Huku tu wazima, baridi imelegea kidogo, na signora, bibi ninayekaa naye, anakusalimu. Hakujui, lakini sauti yako kwenye simu ameshaizoea, na kila ukicheka ananiuliza yule wa Malindi amesema nini.

Nimesikiliza mara mbili ile sauti uliyonitumia. Eti yule bwana wa Casuarina anataka umtundikie barazani mbao tatu za skeitibodi, zile za kupanda na kuteleza, zenye picha ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi, aliyechorwa na Botticelli wa hapa Firenze, nawe unauliza kama mzee amerukwa na akili ama ni wewe hukukielewa Kitaliano chake. Ulikielewa sawasawa. Huku jambo hilo ni la kawaida. Kuna watu kazi yao ni kuchapa michoro ya miaka mia tano nyuma kwenye mbao za skeitibodi, zikauzwa tatu tatu, na hazitiwi magurudumu maisha. Zinazaliwa kwenda ukutani. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu vipimo kwa simu hupotea, na kwa sababu mimi mwenyewe nimeshatundika sita, na nimekosea karibu kila mahali pa kukosea.

Zilikuwa za mjukuu wa signora. Kijana alihamia Milano akaziacha kabatini, amezifunika shuka. Signora akataka ziwekwe sebuleni, amechoka kutazama ukuta mtupu. Zote sita ni picha moja, Primavera, ya huyo huyo Botticelli, imepasuliwa kwenda juu na kila ubao umepewa kipande chake. Nikatoa tepu: kila ubao sentimita 80 kwa 20. Picha yenyewe, iliyoko hapa kwenye makumbusho ya Uffizi, ni kubwa, mita 2 kwenda juu na mita 3 na ushee kwa upana. Ukiipunguza hadi kimo chake kiwe sentimita 80, upana unabaki kama 124. Mbao sita mara ishirini ni 120. Aliyepiga hesabu hiyo alikuwa mtu wa kazi, si wa kubahatisha.

Wa kubahatisha nilikuwa mimi. Picha ile inaanzia kulia. Kulia kabisa yuko Zefiro, upepo, rangi yake ya maiti aliyezama, mashavu yamejaa pumzi, anamkamata binti ambaye maua yanamtoka mdomoni. Kisha binti mwingine mwenye gauni la maua, kisha Venus katikati, kisha mabinti watatu wanaocheza wameshikana mikono, na kushoto mwishoni Merkuri amewapa wote mgongo, anachokoa mawingu kwa fimbo yake. Mimi nilidhani kila kitu huanzia kushoto, nikamtundika Zefiro kule, karibu na dirisha. Signora akaja na mkongojo wake, akasimama, akatazama weee, akasema: “Karisa, upepo wako unatokea dirishani.” Nikazishusha zote.

Mara ya pili nilizipanga sawa, lakini niliogopa kutoboa ukuta wa watu, nikatumia utepe wa gundi wa pande mbili. Saa nane za usiku Zefiro akaanguka. Ubao ule una uzito wa kilo na zaidi, na sakafu hapa ni ya vigae. Jirani wa chini aligonga dari kwa fimbo ya ufagio mpaka nikamhurumia. Pua ya Zefiro imechubuka hadi leo, na signora amekataa nisiipake rangi. Anasema sasa ndiyo imekuwa skeitibodi.

Hapo alisema kweli kuliko alivyojua. Picha ya skeitibodi huwekwa upande wa chini, si ule wa juu anaokanyaga mtu. Upande wa juu hubandikwa karatasi kavu kama msasa ili viatu vishike. Kwa hiyo picha ndiyo inayosuguliwa na vyuma na kingo za zege, na mchezaji hodari unamjua kwa picha iliyokwisha kufutika. Wale vijana wa Shangilia kule Kangemi, Nairobi, wanaocheza skeitibodi, ukiwaambia kuna mtu ana mbao tatu mpya na hataki kuzipanda, nadhani wataomba anwani yake.

Nikiri kwamba mwanzoni nami nilidharau. Niliona ni pesa za watu waliokosa la kufanya: kuchukua kitu kitakatifu cha watu na kukibandika kwenye kitu cha kuchezea. Kilichonigeuza ni Santa Croce, kanisa lililo dakika kumi kutoka hapa. Nilimpeleka signora siku moja, nikaona Karamu ya Mwisho ya Vasari, ya mwaka 1546. Si ile ya Leonardo. Hii imechorwa juu ya mbao za popla, na Kazungu, ni mbao tano zimesimamishwa kando kando! Mitume wamegawanywa kwenye mbao tano. Nilisimama pale nikasema, kumbe mambo haya ni ya zamani.

Signora akanisimulia iliyoipata picha hiyo. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika, maji yakaingia mjini na tope na mafuta ya kupashia nyumba joto, na picha ile ikakaa ndani ya maji zaidi ya saa kumi na mbili. Yeye alikuwa binti wa miaka 19, alikuwa kwenye mstari wa vijana waliopokezana vitabu vyenye tope kutoka Maktaba ya Taifa. Nikimwona leo anavyohangaika na ngazi mbili za mlangoni, nashindwa kupata picha. Popla ilikunywa maji ikavimba, ile jasi ya chini ya rangi ikalainika, na mbao zilipoanza kukauka zikanywea, rangi ikabaki haina pa kushika. Mafundi waliibandika karatasi nyepesi usoni isije ikapukutika, wakaiweka. Ikakaa hivyo miaka. Ilirudi Santa Croce mwaka 2016, nusu karne kamili, na sasa imewekewa mtambo wa kuivuta juu mto ukirudia.

Wewe ni mtu wa mbao, nikueleze walivyokuwa wakiandaa. Walichukua mbao za popla, wakaziunganisha kwa gundi, nyuma wakatia miti ya kukingamiza zisipinde. Usoni wakapaka jasi iliyochanganywa na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, wakapiga msasa mpaka ikawa laini kama yai. Ndipo mchoraji akashika brashi. Primavera iko juu ya popla hivyo hivyo. Mona Lisa wa Leonardo vile vile, sentimita 77 kwa 53, na ubao wake umepasuka juu, ufa umeteremka kuelekea nywele. Sasa weka skeitibodi tatu pamoja: 80 kwa 60. Umempata Mona Lisa karibu kwa ukubwa wake wa kuzaliwa! Nilipoligundua hilo nilimwamsha signora usingizini, akanifukuza.

Skeitibodi nayo si plaiwudi ya dukani. Ni karatasi saba za mti wa mepo, aghalabu kutoka Kanada, tano nyuzi zake zinakwenda na urefu na mbili zinakingamiza, zikagandishwa kwa gundi ndani ya kalibu mpaka ubao ukapata bonde katikati na ncha mbili zikainuka. Ukiutundika, picha nje, ncha ndizo zinazogusa ukuta na tumbo linasimama mbele. Jioni signora akiwasha taa ya pembeni, kila ubao unatupa kivuli chake, na wale watu wa Botticelli wanakuwa kama wametoka ukutani hatua moja. Bango la karatasi haliwezi hilo.

Haya, turudi kwa bwana wako. Mbao tatu haziwezi kumbeba Venus mzima. Ile ya kuzaliwa kwake kutoka baharini ina upana wa mita 2.78 na kimo cha mita 1.72, na kwa kipimo cha skeitibodi nayo inataka sita. Kwa tatu utapata chini ya nusu, yaani yeye na kombe lake la bahari. Wale wanaompulizia upepo kushoto na yule anayemletea nguo kulia watakuwa wamekatwa. Hilo halina ubaya, Venus ni mrefu na mwembamba, ubao mmoja unamtosha kabisa. Lakini kabla hujagusa ukuta, mwombe akuonyeshe mbao zenyewe. Uso ukiwa wote kwenye ubao wa kati, mtundikie. Uso ukiwa umepasuliwa na mwanya, mwambie akazirudishe alikozinunua, kwa sababu kila siku utamwona mwanamke mwenye jicho moja huku na jingine kule. Tazama na matundu ya ekseli, manne juu na manne chini. Kwetu tundu moja limemwangukia mmoja wa wale mabinti pembeni mwa pua, utadhani amevaa kipini. Signora hataki kuliziba.

Akikuuliza picha nyingine, mwambie ya Bosch, ile Bustani ya Anasa iliyoko Madrid. Hiyo tangu mwanzo ilichorwa ya paneli tatu za mwaloni, mbili za pembeni zikijifunga juu ya ya kati kama mbawa za dirisha, ila ya kati ni pana karibu mara mbili, kwa hiyo mbao tatu hazitamtosha. Wale malaika wawili wadogo wa Raffaello walioegemea viwiko, akiwataka hao mkatalie kwa heshima. Nimewaona kwenye vikombe, kwenye miavuli, na juzi kwenye soksi.

Na Karamu ya Leonardo je? Ile ni ya ukuta, haikuwahi kuwa ya mbao. Nilikwenda kumwona yule mjukuu Milano, tukaingia kuitazama. Wanakupa dakika 15 tu. Leonardo aliichora juu ya lipu kavu ikaanza kubanduka upesi, na mwaka 1652 watu wa pale walitaka mlango, wakaukata ukutani hapo hapo, miguu ya Yesu ikaenda. Nani fundi aliyekubali kazi ile? Aliimaliza mwaka 1498, ndio mwaka Vasco da Gama alipotia nanga kwetu Malindi. Basi kukatwa kwa picha hakukuanza na skeitibodi.

Jambo ninalokuomba usikubali ni baraza. Mepo si mvule. Ubavu wa ubao ni tabaka saba zilizo wazi, na upepo wa kusi ukileta mvua na chumvi zitakunywa kama popla ya Vasari, kisha gundi iachie. Jua la mchana nalo litawala rangi, maana picha yenyewe ni utando mwembamba uliobandikwa kwa joto. Mpeleke ndani, ule ukuta wa ukumbini usiopigwa na jua. Ubavu wote upake vanishi mara mbili. Ukuta wa mawe ya matumbawe unaujua kuliko mimi: usipige msumari kwenye lipu ya chokaa, toboa mpaka ukute jiwe. Kata magazeti kwa umbo la mbao, uyabandike kwanza, mwite atazame, ndipo utoboe. Mwanya wa sentimita 2 unatosha. Mimi nimepitisha mshipi wa kuvulia kwenye matundu ya juu, ule mnene wa samaki wakubwa, ukafungwa nyuma kwenye skrubu. Hauonekani na mpaka sasa umeshika. Usisahau pima maji. Mbao tatu zikipotoka nusu sentimita macho hayaoni kitu kingine.

Bei usimtajie kabla hujaona ukuta.

Nitumie picha akishakuonyesha mbao, na upime ukuta toka sakafuni hadi kwenye boriti. Mama mwambie mzigo wake nimempa mtu anayekuja mwezi ujao, kahawa iko ndani ya viatu vya Katana, asije akaitupa. Signora amesinzia kwenye kiti chake, uso umemwelekea Zefiro. Naenda kumfunika.

Wako,
Karisa